Tope Lililokwenda Kinyume na Upepo

Evarista wa Nyamigogo alibakiwa na meno ishirini na saba, na kila jino alilijua kwa kazi yake. Ya mbele yalikuwa ya kung'atia muwa na kuchekea watu. Magego yalikuwa ya udongo. Akiokota bonge la udongo, hata liwe la kando ya njia, hulinusa, akamega kidogo, akatia kinywani na kukisaga taratibu upande wa kulia, macho kayafumba kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana nyuma ya ukuta. Ukilia kri kri, una mchanga, hutema. Ukiteleza kimya kama samli, hutulia, akameza mate, akauliza shamba lile ni la nani.

Alifundishwa hivyo na mama yake, mfinyanzi aliyezaliwa na mfinyanzi, huko Kagoma bondeni. Mama huyo, watu husema, na wanaosema hawakuwepo, alionja udongo wa kaburi moja akawaambia wafiwa wachimbe pengine, maana pale marehemu angelowa miguu. Mitungi yake ilipoza maji kiasi kwamba mgeni mmoja wa kutoka Kabanga alikunywa kata mbili mchana wa jua kali akaomba koti. Hayo ya koti Evarista aliyashuhudia mwenyewe akiwa na miaka sita, na kila alipoyasimulia koti liliongezeka urefu.

Mwaka sabini na nne ikaja Operesheni. Watu wa Kagoma waliambiwa wahamie Nyamigogo, kwenye kijiji cha ujamaa kando ya barabara, ambako nyumba zingesimama kwa mistari kama mahindi ya bwana shamba, na shule na zahanati vingekuwa karibu. Lori lilikuja Jumanne. Mumewe Idefonsi, ambaye wakati huo alikuwa bado hai na bado mbishi, alikuta kitanda chake kimeachwa uani, na mahali pake kwenye lori pamekaliwa na magunia matatu ya udongo.

"Tutalala wapi?" aliuliza.

"Nyamigogo kuna miti ya kitanda," Evarista akamjibu. "Udongo je, uliuliza kama upo?"

Idefonsi hakuwa ameuliza. Wala mgambo, wala dereva, wala aliyechora ile mistari ya nyumba.

Magunia yakaisha mwaka uliofuata, na Idefonsi naye akafariki mwaka huo huo, kwa kifua. Kagoma ilikwisha kurudi porini. Mahali pakikosa watu mbung'o hurudi, na mbung'o wakirudi wanyama nao huona pamekuwa kwao. Evarista alikwenda mara moja kuchota udongo wa mama yake. Nyati alimpandisha juu ya mti saa nne asubuhi, akamruhusu kushuka wakati ng'ombe wanarudi zizini. Kwa kukosa la kufanya, Evarista aliwahesabu kupe wa sikio la kushoto la nyati yule, wakawa kumi na mmoja. Akarudia, wakawa kumi na wawili, maana mmoja alikuwa amejificha. Hakwenda tena.

Akageukia ziwa. Chini ya kijiji kuna ziwa la Rwenkuba, jembamba na refu, limelala kati ya safu mbili za vilima, kichwa mashariki na miguu magharibi. Wakati wa kiangazi upepo hutoka mashariki, na kila kinachoelea humalizikia magharibi: mafunjo yaliyong'oka, magogo, samaki waliokufa, na siku moja kofia ya askari wa wanyamapori ambayo mwenyewe hakuja kuiulizia. Evarista akafikiri kama mtu yeyote mwenye akili. Vitu vyote vya ziwa vinaishia magharibi. Tope litakwenda wapi kwingine? Akachimba magharibi. Alichimba huko miaka mitatu, na miaka mitatu vyungu vikapasuka.

Vilipasuka kwa kila namna. Vingine kivulini, kabla havijaona moto. Vingine motoni, kwa mlio wa mtu anayevunja kuni. Kimoja, cha jirani yake Kanyange, kilivumilia hadi maharage yakabakiza kidogo kuiva, kisha kikaachia kitako, kikazima moto na kuwaacha watu saba wanakula maharage ya majivu. Kanyange alikuwa mama wa Kirundi aliyeingia na wakimbizi wa mwaka sabini na mbili, mwenye moyo mwema na mdomo usio na mlango.

"Mkono wa Evarista ulibaki Kagoma," akawaambia wenzake kisimani.

Kufikia jioni kijiji kizima kilijua mkono umekufa. Kufikia Jumapili alikwisha patikana mtu aliyeuona kwa macho yake unavyonyauka.

Kijiji kilikuwa na orodha ya kazi. Waliokuwa kikundi cha mafundi, yaani mhunzi, maseremala wawili na Evarista, hawakwenda shamba la kijiji. Mwenyekiti Privatus, mtu wa haki aliyeipenda sana kalamu yake, alimwita Evarista mbele ya kamati mwezi wa saba, mwaka sabini na nane.

"Mama Evarista, fundi asiye na kazi ya ufundi tumwiteje?"

"Fundi anayetafuta udongo, Ndugu Mwenyekiti."

"Kwa miaka mitatu?"

"Wewe mchumba ulimtafuta mingapi?"

Wajumbe walicheka. Privatus hakucheka, maana ilikuwa sita na kila mtu aliijua. Akaifunua kalamu. "Mpaka Krismasi," akasema. "Vyungu ishirini vizima. Visipopatikana, jina lako linahamia kikundi cha jembe, kila siku kama wenzako."

Jembe lenyewe Evarista hakuliogopa, alilishika tangu akiwa msichana. Alichokiogopa ni viganja. Dada yake mkubwa, Ildefonsa, alikuwa fundi kumshinda yeye, kisha akaolewa Kasulo kwa watu wa mashamba mapana. Miaka miwili ya jembe la kila siku ikamgeuza ngozi ya vidole kuwa gome. Siku aliyorudia kufinyanga hakuweza kujua ukuta wa chungu ni mwembamba au mnene mpaka achungulie ndani. Alikitazama chungu kile, akakibonyeza kikawa bonge tena, akanawa. Hakugusa udongo tena maisha yake. Mama alikwisha kufa, Ildefonsa alikwisha kuacha, na Evarista hakujaliwa binti. Vidole vyake vikienda jembeni, ufinyanzi wa Kagoma ungebaki kwenye vigae tu.

Mwezi wa nane likaja Landrova la mradi wa kupima maji. Akashuka Emilian Bukuru, kijana wa Ngara mwenye miwani, aliyekuwa amesoma Urusi na kusafiri kwenye meli ya watafiti wa bahari. Alikuwa na mabomba ya chuma, kamba zenye mafundo, na chupa tupu zinazotosha kufungulia duka la dawa. Alitaka kujua tope linaingia kiasi gani katika ziwa la Rwenkuba na linakaa wapi. Akauliza nani analijua ziwa. Wakamwonyesha Nkeshimana, mwenye mtumbwi. Nkeshimana akasema yeye analijua kwa juu tu. Anayelichimba ni yule mama pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Bomba hilo la nini?"

"Linashuka mpaka chini, linazama kwenye tope, linapanda nalo."

"Nani amepoteza nini huko chini?"

"Hakuna aliyepoteza. Natafuta tope tu."

Evarista akamtazama upya, kama mtu aliyekutana ugenini na mtu wa ukoo wake. "Nami natafuta tope," akasema. "Sogea, nipande."

Walianzia magharibi. Emilian akashusha bomba, akalivuta, akalisukuma kwa kijiti, tope likatoka refu na la mviringo kama nyoka aliyeshiba. Kisha akafanya jambo lililomfanya Evarista akamate ukingo wa mtumbwi. Akamega tope kwa ncha ya kisu, akalitia kinywani, akalisaga kwa meno ya mbele.

"Unafanya nini?"

"Napima, mama. Kuna punje ndogo kuliko vumbi, vidole havizisikii. Meno huzisikia. Profesa wangu ndiye aliyetufundisha."

"Profesa wako ni mwanamke?"

"Mwanamume, mwenye ndevu mpaka hapa."

"Basi kuna mwanamke aliyemfundisha naye akanyamaza. Tumia magego. Hayo ya mbele ni ya kuchekea watu."

Emilian akajaribu magego, akatikisa kichwa kukiri. Tangu hapo wakawa wanaonja wote wawili, yeye akiandika daftarini, Evarista akitamka hukumu. Magharibi: kri kri. Katikati: kri moja, kisha kimya. Wakasogea mashariki mpaka karibu na kichwa cha ziwa, kamba ikashuka mafundo saba, yaani pima saba za maji, bomba likapanda na tope la kijivu linalong'aa. Emilian akamnyooshea kipande kwenye kisu. Evarista akasaga, akasubiri mlio. Haukuja. Akasaga tena. Ilikuwa kama kutafuna kimya chenyewe.

"Hili limetoka wapi?"

"Hapa hapa chini yetu."

"Mashariki? Huku hakuji kitu."

"Hakuji kinachoelea, mama."

Akaomba kibuyu alichokuja nacho Evarista cha maji ya kunywa. Akakifunga kamba ndefu, na mwisho wa kamba akaning'iniza kikapu kipana chenye jiwe ndani, akakishusha hadi karibu na tope. Kisha akakiachia kibuyu juu ya maji. Upepo ulikuwa unavuma sawasawa, mafunjo yaliyong'oka yanawapita kuelekea magharibi kama watu waliochelewa gulio. Kibuyu kikasimama. Kikayumba kidogo, kama kinachokumbuka kitu. Kisha kikaanza kwenda mashariki, taratibu, kinapasua mawimbi, upepo ukikipiga usoni.

Nkeshimana aliacha kasia akafanya ishara ya msalaba. Evarista hakufanya. Alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia maji.

"Nani anakivuta?"

"Maji ya chini. Upepo unasukuma ya juu kwenda magharibi. Yakifika ukingoni, kilima yatakipanda? Hayawezi. Yanazama, yanarudi kwa chini. Kule magharibi mawimbi yanachapa ufukwe, yanabakiza mchanga na kukoroga tope laini. Hilo laini linarudi na maji ya chini, na yanapochoka, huku, linaanguka."

Evarista akatumbukiza mkono majini mpaka kwapani, akiutafuta huo mkondo. Miaka mitatu alikuwa ameufuata upepo, kumbe tope lilikuwa linapita chini ya miguu yake kwenda upande mwingine.

"Na baharini?" akauliza. "Huko nako kuna maji ya juu na ya chini?"

Emilian akaweka daftari magotini. Inaonekana ndilo swali alilokuwa akilisubiri tangu arudi nchini, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Kule kwenye barafu, mama, maji hupoa mpaka yakawa mazito. Huzama chini kabisa, mahali ambapo jua halijafika tangu dunia ianze, kisha huanza safari. Ni mto usio na kingo, mpana kama kutoka hapa mpaka Mwanza. Unatambaa kando ya milima iliyoko chini ya bahari. Unapokazana unafagia sakafu, panabaki mchanga wenye mikunjo kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Unapochoka unaangusha tope laini, punje kwa punje, mahali pale pale. Linajikusanya mpaka linakuwa kilima, kirefu kuliko kutoka Ngara mpaka Biharamulo."

"Kwa muda gani?"

"Miaka elfu kwa unene wa kidole. Viwili, ukiwa na bahati."

Evarista akakitazama kidole chake pande zote. "Na huo mto ukihama?"

"Tope jipya linahama nao. La zamani linabaki pale lilipoangukia. Ndiyo maana tukilichimba tunajua mto ulipita wapi, hata kama siku hizi haupiti."

"Na huko chini nani anafinyanga?"

"Hakuna mtu huko, mama."

"Tope lote hilo," akasema Evarista, na alisikitika kweli. Kisha akarudi kwenye shida yake. "Hili la hapa mashariki, mtu anaweza kulichota?"

"Kwa bomba hili, kiganja kimoja kwa nusu saa. Kwa mikono, pima saba..." Hakumaliza. Hakukuwa na haja.

Sasa, ukingoni kulikuwa na wanawake waliokuja kuteka maji, na Kanyange akiwa mbele. Waliona nini? Waliona mjane wa miaka hamsini na mbili, au hamsini na tano, kutegemea nani anauliza, akishinda mtumbwini anakula udongo, na kijana mtanashati akimlisha kwa kisu. Nyamigogo kila mtu anajua ni nani anayekula udongo. Ni mwenye mimba. Hakuna sababu nyingine, na hata kama ingekuwepo, hakuna aliyekuwa na muda wa kuitafuta. Emilian alipomaliza kazi yake wiki mbili baadaye, akapakia chupa zake zilizojaa tope na kuondoka, wakasema amekimbia malezi. Kwa kuwa Evarista alitafuna kwa mashavu yote mawili, Kanyange alitabiri mapacha.

Kamati ikamwita mwezi wa tisa. Privatus aliichezea kalamu kuliko kawaida.

"Mama Evarista, kuna maneno. Ni kweli ulionekana unakula udongo ziwani?"

"Ni kweli."

"Mwingi?"

"Kila ulioletwa, Ndugu Mwenyekiti."

"Na mwili, unausikiaje?"

"Magoti yanauma."

Wajumbe wakatazamana. Katibu akaandika. Privatus akasema serikali ya kijiji si ya kuhukumu mambo ya ndani ya watu. Lakini kuchimba na kubeba kuni za kuchomea vyungu ni kazi nzito, na kwa hali hii vyungu ishirini havitapatikana. Basi jina lake liondolewe kwa mafundi sasa hivi. Atapewa kazi ya kukaa, kulinda nyani kwenye shamba la kijiji la mihogo, na akishajifungua na kupata nguvu, moja kwa moja kikundi cha jembe.

Evarista alikwisha fungua kinywa ili awaondoe ujinga.

"Shamba lile la mashariki," Privatus akamalizia, "kule kichwani mwa ziwa."

Evarista akafunga kinywa.

Shamba lilikuwa kwenye uwanda juu ya maji, kimo cha nyumba tatu hivi kutoka ufukweni. Mihogo yake ilistawi vizuri, isipokuwa kona moja, karibu na kibanda cha mlinzi, ambako majani yalikuwa ya njano na mizizi ikaoza. Bwana shamba alisema ni ugonjwa. Wazee walisema ni jicho la mtu. Evarista akakaa kibandani siku nne akiwatazama nyani, nao wakimtazama. Yule kiongozi wao, mwenye mkia wa kupinda, alimheshimu, hata kufika siku ya tatu akawa ameacha kuiba mbele yake, akawa anasubiri asinzie.

Siku ya tano nyani wakafukua mhogo uliooza, wakautupa, wakaacha kishimo. Evarista akaenda kukichungulia. Ndani ya udongo mlikuwa na makombe meupe ya konokono, madogo kama kucha za mtoto. Akayajua. Ni wale wale wanaokaa kwenye mawe ya ziwani. Konokono wa ziwa hapandi kilima kulima mihogo, kwa hiyo aliyepanda hapa ni ziwa.

Akakaa chini, akaanza kupanga. Zamani za bibi wa bibi yake, ziwa lilikuwa kubwa likafika hapa. Upepo je? Upepo ulikuwa ule ule, nani angeugeuza. Basi maji ya juu yalikwenda magharibi, ya chini yakarudi mashariki, yakachokea hapa, yakaangusha mzigo. Ziwa likapungua, likashuka. Na yule kijana alisema nini? La zamani linabaki pale lilipoangukia.

Akachukua jembe, jembe lile lile alilokuwa akilikimbia. Udongo mweusi, kina cha mkono mpaka kiwiko. Kisha ukaja wa kijivu, unaoteleza, umebana maji hauyaachi yapite. Ndiyo maana mihogo ilikuwa inafia majini juu ya nchi kavu. Akamega. Akatia magegoni. Akafumba macho, akasaga mara moja, mara mbili, mara tatu.

Alicheka peke yake mpaka yule nyani mwenye mkia wa kupinda akawakusanya watu wake wakahama.

Kanyange alimkuta huko wiki iliyofuata. Alikuwa ameleta uji wa ulezi kwa ajili ya mjamzito, maana dhamiri ilikuwa inamsumbua kidogo. Akatazama shimo lililomfikia Evarista kifuani, mihogo kumi na tisa iliyong'olewa, na vyungu vibichi vimepangwa kivulini nyuma ya kibanda. Kisha akatazama kiuno cha Evarista, ambacho kilikuwa chembamba kuliko mwaka jana.

"Dada, tumbo liko wapi?"

"Tumbo lipi?"

"Kijiji kizima kinakupikia uji."

"Uji mtamu. Endeleeni."

"Na mimi nilivyoapa mbele ya watu kwamba ni mapacha."

"Ulivyoapa ndivyo vilivyonileta hapa, nakushukuru. Sasa funga mdomo huo mpaka nichome, na mikono yako ilete huku ukande. Saga vile vigae kwanza, unga wake uchanganye na udongo. Laini peke yake haivumilii moto."

Kanyange alisaga, akakanda, akafinyanga hata kimoja chake mwenyewe, kimepinda upande. Kufunga mdomo ndiko kulikomtesa. Siku thelathini na tano alikaa na neno lile bila kulitoa, mpaka shavu likavimba, mganga wa zahanati akataka kumng'oa jino.

Mwezi wa kumi na moja vita vikafika masikioni, kisha barabarani. Majeshi ya Uganda yalikuwa yamevuka mpaka, daraja la Kyaka limevunjwa, na malori yakaanza kushusha watu wa ng'ambo ya mto Kagera vijiji kwa vijiji. Nyamigogo ilipangiwa kaya sita. Walishuka na watoto, blanketi mbili na kuku mmoja. Duka la kijiji halikuwa na sufuria tangu Pasaka. Privatus akazunguka nyumba kwa nyumba kuomba vyombo, akakuta kila nyumba ina kimoja, nacho kiko motoni. Wageni wakapikia debe la mafuta ya taa, chakula kikanuka taa.

Kesho yake mchana moshi ukapanda kutoka shamba la mihogo. Watu wakakimbia na matawi na ndoo kuzima, Privatus mbele na kalamu mfukoni. Walimkuta Evarista amechuchumaa kando ya lundo la nyasi na magome linalowaka, Kanyange pembeni yake, na nyuma yao shimo.

Privatus alilitazama shimo. Akaitazama mihogo. Akamtazama Evarista, kwa mbele na kwa ubavuni.

"Na mimba?"

"Mimba gani, Ndugu Mwenyekiti? Uliniuliza kama nilikula udongo, nikakujibu. Uliniuliza mwili, nikakwambia magoti."

Nyuma ya kundi mtu alianza kucheka akajikohoza. "Umechimba shamba la kijiji bila ruhusa," Privatus akasema. Sauti yake haikuwa ya mzaha. "Umeng'oa mihogo ya watu wote. Umeidanganya kamati."

"Sikutamka uongo hata mmoja. Lakini nyamaza kwanza, nakuomba. Chungu kibovu hulia. Sikiliza."

Akamnyamazisha mwenyekiti wa kijiji mbele ya watu wake, na mwenyekiti akanyamaza, kwa sababu naye alitaka kusikia. Watu wapatao arobaini wakasimama kuzunguka moto, ndoo mikononi, wameinamisha masikio. Nyasi zilichezacheza, magome yakaporomoka. Miaka mitatu ule mlio ulikuwa ukimjia Evarista sasa hivi, wakati huu huu, moto unapokuwa mwekundu kuliko wote. Vidole vyake alivificha kwapani.

Ukalia mmoja. Pwaa.

Hakuna aliyemtazama. Wakasubiri. Moto ukashuka, ukawa makaa, makaa yakawa majivu ya kijivu, na mlio wa pili haukuja. Evarista akachukua mti mrefu, akavitoa kimoja kimoja, akivigonga kwa kucha. Ting. Ting. Ishirini na sita vyenye sauti safi. Kilicholia kilikuwa kile kilichopinda upande.

"Changu," akasema Kanyange, na hapo ndipo mdomo wake ulipofunguka. Akaisimulia habari nzima tangu mwanzo bila kuvuta pumzi.

Evarista alikuwa hasikilizi. Alijua kuwa moto wa kuchomea ni mtihani wa kwanza tu. Vilipopoa akachagua kimoja cha kati, akakipeleka kwa Bernadetha, mama mmoja wa wale waliotoka ng'ambo ya Kagera. Bernadetha akatia maharage na maji, akapandisha mafigani. Evarista akachuchumaa, sikio karibu na chungu kuliko ustaarabu unavyoruhusu. Maji yakachemka, yakaanza kucheza. Maharage yakaiva. Watoto wakala, na hakuna aliyetema majivu.

Kamati ilikaa jioni hiyo hiyo, wamesimama. Privatus akaeleza kosa, kwa kuwa lilikuwa kosa: mihogo kumi na tisa ya kijiji.

"Iliyooza," akasema mjumbe mmoja.

"Iliyooza," Privatus akakubali. Aliishika kalamu juu ya orodha kwa muda mrefu, akimtazama mke wake mwenyewe akipita na chungu kipya kichwani. Kisha akaandika, akasoma kwa sauti. Ile kona haitapandwa tena mihogo, ni machimbo ya udongo ya kijiji. Evarista amerudi kikundi cha mafundi. Afundishe wanawake wawili, mmoja awe mgeni. Kwa kukejeli maswali ya kamati, atalinda nyani Jumamosi zote mpaka Pasaka.

"Na kadi ya kliniki niliyokwisha mwandikia?" Katibu akauliza.

"Mpe mwenye tumbo."

Bernadetha ndiye aliyejitolea kufundishwa. Asubuhi akamkuta Evarista ndani ya shimo, akaamkia, akaitikiwa, akanyooshewa mkono ashuke. Evarista akavishika viganja vyake, akavipapasa kidole kwa kidole kama mtu anayenunua kitambaa, akaridhika. Akamega udongo, akamtilia mkononi.

"Saga kwa magego. Polepole. Kisha uniambie, huko kwenu ng'ambo, mto Kagera ukifika kwenye kona, tope lake hulala upande gani?"

Bernadetha akafikiri, udongo shavuni. "Mama, sikuwahi kuangalia."

"Vita vikiisha utaangalia," akasema Evarista. "Tena uangalie na chini."